Mkanda wa Nne

Uvumi wenyewe niliuletewa mlangoni pamoja na maziwa. Muuza maziwa wetu ana tabia hiyo: anakupimia nusu lita, halafu kabla hajafunika kopo anakuongezea neno. Siku hiyo akaniongezea kwamba ile sinema ya zamani iliyopigwa hapa mjini, ya nyimbo na mapenzi, imepatikana kwenye ghala la baraza la mji, na Jumamosi alasiri itaonyeshwa ukumbini, bure, kila mtu aje.

"Na wanasema, Mama Pasi," akaendelea, huku akifuta mdomo wa kopo kwa kidole, "ndani yake yumo mwanamke wa mtaa huu huu. Anaingia gesti na wanaume wanane. Mmoja baada ya mwingine."

"Nani kasema?"

"Karani wa baraza. Alikuwa anajaribu mashine, akaona kipande."

"Na huyo mwanamke ni nani?"

"Hakumjua. Amevaa kofia kubwa, sura haionekani vizuri. Ila anasema anatembea bega moja juu, kama mtu aliyebeba ndoo."

Nikamlipa, nikafunga mlango. Halafu nikasimama katikati ya sebule, nikalishusha bega langu la kushoto.

Mwanamke huyo ni mimi. Naandika haya kwa ajili ya kina mama wenzangu wenye binti anayeposwa, ili mwenye kusikia asije akafanya nilichofanya. Nitaanza mwanzo.

Enzi hizo mji huu haukuwa na hizi hoteli za vioo. Kulikuwa na gesti moja ya vyumba sita, ukuta wa kuzuia mawimbi, na viti vinne vya turubai ufukweni, vitatu vimetoboka. Wapiga sinema wakaja na hadithi yao ya mji wa pwani unaokua: wageni wanamiminika, gesti inafurika, kijana wa mwenye gesti anampenda binti wa tajiri, wanaimba. Kasoro ilikuwa moja tu. Wageni wa kumiminika hawakuwepo. Siku walipofika, mgeni pekee alikuwa mzee mmoja aliyekuja kutibu kifua kwa upepo wa bahari, naye aliondoka kwa sababu ya kelele zao.

Basi wakatuchukua sisi wenyeji, kumi na wawili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafua mashuka ya gesti ile. Ujanja wao ulikuwa hivi: tunapita mbele ya kamera wawili wawili, mwanamke na mwanaume, tumeshikana mikono, tunaingia gesti kwa mlango wa mbele. Ndani hatusimami. Tunatokea mlango wa jikoni, tunabadilisha kofia, tunazunguka nyuma ya matangi ya maji, tunapita tena. Mkizunguka mara nne, watu kumi na wawili mnakuwa umati.

Wanaume walikuwa wanane, wanawake wanne. Siku ya pili baba mmoja akaja na fimbo akawachukua binti zake wawili. Wa tatu akateguka kifundo cha mguu. Nikabaki mimi. Kwa hiyo nilipita na wanaume wote wanane, leo kofia ya ukili, kesho kitambaa chekundu, na lile bega langu la ndoo halikubadilishwa na mtu.

Hadithi yenyewe hakuna aliyetuambia. Waliniambia, "Tembea, cheka, usitazame kamera." Siku ya tatu wakatuingiza ukumbini tucheze, wakasema tufungue midomo tukihesabu moja mpaka ishirini, sauti za nyimbo zitawekwa baadaye huko kwao. Wakaondoka. Sinema ilipokuja kuonyeshwa, baba yangu alisema mwanamke akishaonekana ukutani ameonekana na ulimwengu mzima, nikakaa nyumbani. Sikuiona siku ile, wala baada ya hapo.

Jambo moja zaidi. Mwanaume wa sita kati ya wale wanane alikuwa fundi bomba wa gesti, na ndiye aliyenioa. Yeye alifariki wakati binti yetu ana miaka minne.

Sasa nisikilize nilivyomlea huyo binti. Nilimwambia, tena zaidi ya mara mia, "Baba yako sikumshika mkono mpaka siku ya ndoa." Alipopata mchumba, fundi wa lifti katika hoteli anayofanya kazi ya mapokezi, niliwawekea sheria. Mchumba akija, nakaa nao sebuleni, tena kiti cha katikati. Wakienda kutembea ufukweni, nafuata nyuma hatua kumi na mwavuli mkononi, hata jua likiwa limezama na mvua hakuna. Siku moja walishikana vidole viwili, viwili tu, nikawaita kwa nyuma, "Mikono ina kazi nyingine." Watu waliokuwa wamekaa ukutani wakacheka. Nikadhani wanawacheka wao.

Mama wa mchumba alikuwa mwalimu, amestaafu. Wanamwita Bi Kengele kwa sababu miaka thelathini kengele ya shule ilikuwa mkononi mwake, na mpaka leo ukichelewa kwake dakika mbili anakutazama kama umekuja bila daftari. Alikuja kwangu kuangalia nyumba. Alipitisha kidole juu ya mlango, akakitazama, hakukuta vumbi. Akanywa chai, akasema, "Binti nimempenda. Amelelewa na mtu anayejua mipaka." Sentensi hiyo niliishi nayo mwezi mzima. Nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli huku nairudia moyoni.

Ndiyo maana neno la muuza maziwa lilinitisha. Harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Nilijua Bi Kengele akiniona na wanaume wanane, hapatakuwa na harusi, na mwanangu atarudishwa mlangoni kwangu kama shuka lenye doa.

Ningeweza kumwita binti yangu nikamwambia ukweli. Ungechukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Lakini mimi ni mtu wa kurekebisha. Nikienda kwa watu nikakuta picha imepinda ukutani, sikai mpaka niinyooshe.

Ijumaa baada ya kazi nikaenda ukumbini, nikapanda ngazi mpaka kwenye chumba cha mashine. Fundi wa sinema alikuwa amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, maana mgongo unamsumbua. Huyu mzee enzi zile ndiye aliyekuwa akibeba taa za wapiga sinema.

"Mama Pasi," akasema bila kunyanyuka. "Umekuja kujitazama?"

"Kumbe unakumbuka."

"Nakumbuka bega."

Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza akitazama dari.

"Sinema ina mikanda sita," akasema. "Hayo hapo makopo. Kila moja limeandikwa. Mimi nilibeba taa tu, sijui nini kiko wapi. Soma mwenyewe."

Nikapiga magoti, nikasoma. La kwanza: Kufika. La pili: Barua. La tatu: Gesti. La nne: Watembeaji. Sikuendelea na la tano. Watembeaji ni sisi, nani mwingine? Mtu aliyesoma zaidi yangu labda angesema, hebu tuufungue tuutazame. Mimi nililikumbatia lile kopo kama nimeokota mtoto.

"Huu usiuonyeshe."

"Watu hawataelewa hadithi."

"Sinema ya mapenzi, fundi. Wanapendana, wanagombana, wanaoana. Nani hataelewa?"

Akafikiri. "Mkanda mmoja pungufu ni robo saa pungufu ya kusimama," akasema. "Mgongo wangu umekubali. Ila kopo likae hapa."

"Kopo nakaa nalo mwenyewe," nikamwambia, kwa sababu sikumwamini. Nikaliweka kwenye kikapu changu, nikalifunika kwa kitambaa cha meza nilichokitia wanga, nikashuka ngazi. Nililala usingizi mtamu siku hiyo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuteleza huku nikijipongeza.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bi Kengele alifika kabla ya saa tisa, akatushikia viti vya safu ya nne. Nikakaa katikati: kulia kwangu yeye, kushoto kwangu binti yangu, na mchumba baada yake. Kikapu nilikipakata.

"Umebeba nini, mkwe?" akaniuliza Bi Kengele. "Vitafunio?"

"Kazi za watu. Nitapitia kuzipeleka."

"Kazi haikuachi hata Jumamosi," akasema, na niliona amefurahi.

Taa zikazimwa. Mkanda wa kwanza nikaufurahia kweli. Treni inafika, binti wa tajiri anashuka na masanduku saba, anaimba kwamba bahari ina harufu ya kesho. Watu wakacheka kuuona mji wetu ulivyokuwa, ukuta mtupu na mbuzi wawili. Wa pili barua inapotea, kijana anaimba juu ya paa la gesti. Nikasahau hofu. Nikafikia hata kumnong'oneza Bi Kengele, "Zamani walikuwa na adabu."

Ukaanza mkanda wa tatu.

Nikajiona. Kofia ya ukili, kicheko cha meno yote, mkono wangu kwenye mkono wa muuza magazeti wa enzi hizo. Tunapanda ngazi tatu za gesti, mlango unafunguliwa, tunaingia. Kamera inabaki mlangoni. Napita tena, kitambaa chekundu, na mwanaume mwingine. Tunaingia. Napita tena.

"Huyo si ni yule yule?" mtu akasema nyuma.

"Ndiye. Wa tatu huyo."

"Wa nne."

Walipofika wa tano, ukumbi mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti moja, kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nilibana kile kikapu, na kopo ndani yake likanibana tumbo. Ndipo nilipoelewa kwamba kutembea kwangu kote kuko kwenye mkanda wa tatu, na kwamba niliyempakata sijui ni nani.

Wa nane tukaingia, mlango ukafungwa, mkanda ukaisha. Fundi akaweka wa tano. Picha ya kwanza kabisa: daktari anatoka kwenye mlango ule ule wa gesti, mkoba mkononi, anatikisa kichwa.

"Haya, daktari kaitwa," akasema mmoja nyuma. "Wanane si mchezo."

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka vile. Viti vililia. Bi Kengele hakucheka. Aliinama upande wangu, akanitazama kuanzia shingoni kushuka.

"Mkwe," akasema taratibu. "Hilo bega ni lako."

Nami, mtu mzima, mama wa mtu, nikaegemea upande wa pili ili bega lingine lipande.

Bi Kengele akachukua mkoba wake, akasimama. "Mwanangu, twende," akamwambia mchumba. Kijana akanyanyuka nusu, akabaki amepinda, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele. Binti yangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mama," akasema, "ni wewe?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, karani wa baraza akasimama mbele, akainua mkono, taa zikawashwa. "Fundi," akaita, "nilikukabidhi makopo sita. Umetoka la tatu ukaenda la tano. La nne liko wapi? Hiyo ni mali ya mji."

Kwenye tundu la chumba cha mashine, juu ukutani, ukatokea uso wa fundi. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisimama nikamtetea mzee wa watu. Sikusimama. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Mwulizeni Mama Pasi," fundi akasema bila haraka. "Amelipakata."

Aliyekifunua kile kikapu ni Bi Kengele. Alirudi kutoka mwisho wa safu, akakishika kitambaa kwa ncha za vidole kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto karatasi ya majibu, na kopo likang'aa mbele ya watu wote. Akalisoma. Akalikabidhi kwa karani. Halafu akakaa, si kwenye kiti chake, bali kingine mbali kidogo. "Tuuone," akasema.

Wakauweka. Watembeaji.

Kumbe hadithi ilikuwa hivi. Kijana wa mwenye gesti anataka tajiri aamini kwamba mji unakua, ili akubali kujenga, na amwoze binti yake. Wageni hana. Anaajiri watu kumi na wawili wapitepite na kuzunguka kwa mlango wa jikoni. Tajiri anatazama kwa darubini, anaona mwanamke mmoja na wanaume wanane, anakuja kuwakaripia. Hapo ndipo watembeaji wanapofungua mlango wa ukumbi na kumwimbia kosa lao:

Sisi kumi na wawili, tukizunguka ni mia,
Kwa mbele tunaingia, kwa jikoni twatokea.

Tajiri anacheka mpaka anaanguka, kifua kinambana, ndipo anaitwa daktari. Kila jibu la kunisafisha lilikuwa ndani ya lile kopo, na mimi ndiye niliyelitoa. Watu wanaotafuta shahidi huajiri wakili. Mimi shahidi wangu nilimfunika kwa kitambaa chenye wanga.

Ukumbi ukapiga makofi. Wengine wakanigeukia, wananiinulia kidole gumba, na kwa muda kidogo, mjinga mimi, nikadhani nimepona.

Katikati ya ule wimbo alikuwepo yeye, wa sita. Kofia imemzidi, inamshukia machoni, anaisukuma kwa kiganja huku anacheza. Ananishika mkono, ananizungusha, anakosea hatua, anacheka.

Binti yangu ana picha moja ya baba yake, ya kitambulisho, amekaza uso kama anadaiwa. Sauti yake haikumbuki.

"Huyo ni baba?" akaniuliza.

"Ndiye."

Akatazama mpaka wimbo ukaisha. "Anachekea upande mmoja," akasema. "Kama mimi." Kisha akasema, bila ukali wowote, na afadhali angekuwa mkali: "Na huu ndio mkanda uliotaka tusiuone."

"Sikumfikiria, mwanangu. Nilijifikiria mimi." Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza wiki ile, nao haukusaidia kitu.

Nje, kwenye ngazi, Bi Kengele alinisubiri. Nilianza kujieleza, akanyoosha kiganja.

"Kutembea na wanane kwa ujira ni kazi," akasema. "Mimi mwenyewe nimetembea na watoto mia tisa. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mtu anayeweza kuwakatia watu wa mji mzima sinema yao kwa ajili ya aibu yake. Mtu huyo, nyumbani kwa mwanangu, atakata nini?"

"Dada, nilihofia ndoa ya mtoto."

"Basi tutangoja. Mwaka mmoja. Tutazamane."

Binti yangu alisimama karibu, akasikia yote. Nikasema usijali, nitakwenda kwake kesho, nitaongea naye, nitayaweka sawa. Akanijibu, "Mama, usiyaweke sawa."

Jumatatu nilisikia kwamba alimwomba fundi amwonyeshee mkanda wa nne peke yake, na fundi, pamoja na mgongo wake, aliuzungusha mara tatu. Mimi sikualikwa. Nilikuwa na mashuka themanini siku hiyo, nikayapiga pasi yote, mengine pande zote mbili.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, binti yangu akaja chumba cha kufulia ninapofanyia kazi, na yule fundi wa lifti. Wameshikana mikono, vidole vyote kumi. Yeye amevaa sare ya mapokezi, kijana amevaa shati ambalo pasi yake ilinitia uchungu.

"Mama, tumetoka kwa msajili wa ndoa," akasema. "Asubuhi hii. Mashahidi walikuwa fundi wa sinema na mpishi wa hotelini."

"Bi Kengele?"

"Tunamwambia jioni."

"Na mimi ndiyo naambiwa sasa."

"Tuliogopa utarekebisha kitu," akasema mwanangu. Akaniinamia, akanibusu shavu, akaondoka, kwa sababu alikuwa zamu mpaka saa kumi na mbili.

Nguo ya harusi nilikuwa nimeishona tayari. Iko kabatini, haina hata mkunjo. Bi Kengele alikuja kwangu siku ya pili, amevimba kwa hasira, nikamkaribisha, akakaa, nikamwekea chai. Mwishowe akasema chai yangu ina sukari nyingi, nikamwambia ndivyo ninavyoipika, akamaliza kikombe.

Wanaishi chumba kimoja karibu na hoteli. Huja Jumapili. Wakikaa sebuleni, mimi huenda jikoni.

Mama mwenzangu mwenye binti anayeposwa, ya kuepuka ni haya:

Usimwekee mtoto sheria ambayo wewe mwenyewe hukuifuata, na ukimwekea, mwambie.

Usibuni hadithi ya ulivyokutana na baba yake.

Usiamini uvumi uliotokana na mtu aliyeona kipande.

Usifiche kitu ambacho hujakitazama.

Usimhusishe mtu mwenye mgongo mbovu katika siri.

Usimnyime mtoto kumwona mzazi wake aliyekufa, hata kama katika picha hiyo nawe umo na unaonekana vibaya.

Usingoje kuulizwa.

Usifuate wachumba na mwavuli.